Kengele ya Mlangoni

Haya alinisimulia jirani yangu Mwanaisha, jana tukichambua mchele.

Bi Tausi aliamini kilichokaa kabatini miaka lazima kianikwe. Basi akaifungua kengele ya mlangoni ya marehemu mumewe, iliyolia wimbo aliotunga mwenyewe, akabandua kikaratasi mgongoni mwa chipu yake inayotunza wimbo, ya zile za mwanzo kabisa, akaianika wiki nzima pamoja na pilipili.

Wiki ilipokwisha, mchana, binti yake Mwasiti akaja na vyombo vyake kuijaribu.

“Mama, kikaratasi kiko wapi?”

“Nimekitupa. Kilikuwa kichafu.”

Mwasiti akakaa chini. “Kiliziba hiki kidirisha cha kioo cha chipu. Jua likiingia humu, hufuta yote aliyoandika baba.”

Bi Tausi akainama kuitazama. “Kwa hiyo nimemfuta mimi?”

“Inaandikika upya. Niimbie tu.”

Akaimba, akafika katikati, akakoma.

“Halafu?”

Mwisho hakuwahi kuusikia. Miaka yote ile alikimbilia kumfungulia mumewe mlango kabla wimbo haujaisha.

Mwasiti akaiandika nusu ile kwenye chipu, kisha akasinzia mezani. Bi Tausi akabonyeza kitufe, akasikiliza, akabonyeza tena, mpaka naye akapitiwa na usingizi mkekani, uso ameuelekeza mlangoni.