Masika ya Kwanza ya Mwanakheri

Mawingu ya masika yalipotanda juu ya bahari, wageni wa likizo walianza kufunga mizigo. Mama Leokadia, mwenye jumba la ufukweni, alimwita Mwanakheri, aliyemtunzia jumba hilo miaka kumi na sita.

"Utalala hapa mpaka mvua ziishe, kama kawaida?"

"Mwaka huu hapana, mama. Nimehamia kwangu."

"Kwako? Umepanga wapi?"

"Sikupanga. Nimejenga."

Mama Leokadia alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mwanakheri akamkabidhi funguo kwa mikono miwili.

"Ukirudi kiangazi, karibu. Safari hiyo utakuwa mgeni wangu."

Alipanda kilima kwenda kwake, kichwa juu, matone ya kwanza yakimpiga usoni. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na mlango usiopakwa rangi bado. Alipoingia tu, mvua ilishuka kwa kishindo. Alisimama katikati ya chumba, bati likinguruma, akaangaza macho kila pembe. Hapakuvuja hata tone.

Masika zote zilizopita alikuwa akikimbia kufunga madirisha ya watu. Leo aliuacha mlango wake wazi, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu mvuani.