Gari Salama Kuliko Yote

Kila akikanyaga breki, honi ililia. Mtaa mzima ulimwona Kamanda kuwa mtu wa watu, maana hapakuwa na tuta alilovuka bila kusalimia. Watu walimpungia mkono. Naye, kwa adabu, aliwapungia.

Kamanda halikuwa jina lake, lilikuwa jina la kazi. Alikusanya mitungi ya kuzimia moto maofisini na mashuleni, akaijaza upya, akaikagua, akairudisha ikiwa na kadi ya kijani yenye sahihi yake. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa. Alikivaa hata harusini.

Asubuhi hiyo alisimamisha pikapu yake kuukuu kwenye gereji ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa umeme wa magari.

"Shemeji, ninyamazishie hii honi. Saa nne napeleka mitungi sita pale chekechea anakosoma binti yangu. Sitaki kuwashtua watoto."

"Honi tu?"

"Honi tu. Mengine yako sawa."

Fundi akajipenyeza chini ya dashibodi kuyatazama hayo mengine yaliyo sawa. Waya mmoja ulikuwa umefungwa kwa plasta ya kidonda, tena iliyokwisha kutumika. Mwingine ulikuwa umechubuka hadi shaba inasugua bati. Mahali pa fyuzi palikuwa na msumari.

"Na huu msumari?"

"Fyuzi zilikuwa zinakatika kila siku. Huo, miezi minane, haujakatika hata mara moja!"

"Wala hautakatika. Gari litateketea lote, msumari tutauokota mzima kwenye majivu."

Fundi alitaka kufuata waya wa taa za nyuma, akapanda nyuma ya pikapu ashushe mitungi. Kamanda akamwahi.

"Acha, acha! Mizito hiyo. Ukiteguka mgongo, dada yako atanila mzima."

Akaishusha mwenyewe, miwili mkono huu, miwili mkono huu, huku akisimulia habari za mpira bila hata kukatika pumzi. Fundi akatikisa kichwa. Angalau dada yake alipata mwanamume mwenye nguvu. Akili wangemtafutia baadaye.

"Sikiliza, shemeji. Niachie gari siku mbili, niing'oe mifumo yote ya waya. Hili linaweza kuwaka moto wakati wowote."

Kamanda alicheka hadi akashika tumbo. "Mimi unanitishia moto? Mimi? Natembea na mitungi sita! Hakuna gari salama kuliko hili. Jana saa kumi jioni niliichukua mitupu, leo asubuhi iko tayari. Nani mwingine anafanya kazi kwa kasi hiyo?"

"Hakuna," fundi alikiri.

"Miaka tisa, shemeji. Hajatokea mteja hata mmoja wa kulalamika."

Fundi aliikata honi kwenye waya wa breki, au alidhani ameikata. Kwa waya zile, hata yeye hakuwa na uhakika. Kamanda alipokwisha kuirudisha mitungi nyuma, fundi akatia koleo mfukoni, akaketi mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Chekechea. Kwenye gari hili lazima awepo mtu mmoja mwenye pua."

Njiani ilisikika harufu ya plastiki inayoungua. Kamanda alifungua dirisha, akalaumu jalala. Kilomita tatu baadaye bado alikuwa akililaumu jalala lile lile.

Walipoingia uwanja wa chekechea, fundi alimwambia aegeshe mbali na darasa.

"Kule kuna jua," alisema Kamanda, akaegesha kivulini, chini ya dirisha la darasa.

Akakanyaga breki. Honi ikalia. Watoto wakajazana dirishani wakicheka, binti yake mbele yao wote. "Baba! Ni baba yangu!"

Kamanda akaondoa mguu kwenye breki. Honi haikunyamaza.

Kisha redio, ambayo kwa miaka mitano haikuwahi kutoa kitu chochote, ikatoa moshi.

Fundi aliruka chini, akakimbilia betri. Boneti ilikuwa imefungwa kwa waya, na huo ndio waya pekee uliofungwa vizuri katika gari zima. Akauparamia kwa koleo. Ndani, mwali ukapanda juu ya dashibodi. Pazia la darasa lilikuwa likipepea hatua mbili kutoka hapo.

"Shemeji, mtungi!" alipiga kelele. "Leta mtungi!"

Kamanda alikuwa amesimama nyuma ya gari, mitungi yote sita mbele ya mikono yake. Aliitazama. Uso ukamshuka. Kisha akageuka, akatimua mbio kuelekea darasani, kizibao kikipepea.

"Mwalimu, watoe watoto! Watoe wote! Wote!"

Fundi hakuamini macho yake. Watoto walitoka mbio kwa mlango wa nyuma, mwalimu akiwahesabu vichwa hadi geti la mbali, na Kamanda nyuma yao, binti yake kifuani, hageuki hata kutazama. Miaka tisa ya kizibao, na moto wa kwanza kuuona anakimbia kama kuku.

Haya, basi. Fundi aliitupa koleo, akapanda nyuma ya pikapu. Mtungi wa kwanza uling'aa kama mpya. Kadi ya kijani ilisema: Umejazwa. Umekaguliwa. Salama. Akatanua miguu, akakaza mgongo usije ukateguka, akaukamata kwa mikono miwili na kuunyanyua kwa nguvu zake zote.

Mtungi ulipaa kama debe tupu, nusura aanguke chali.