Asante ya Kuku Mweupe

Tangu kuku walipovishwa vidani vya kugeuza milio yao kuwa maneno ya watu, Bi Mashavu hakushika tena kisu cha kuchinjia. Alifungua kundi mtandaoni la wasiokula nyama, na mchana huo lilitimiza watu elfu tisa. Hata mumewe, aliyekuwa hagusi wali bila firigisi, sasa alikuwa akiramba vidole kwa maharage ya nazi.

“Alhamdulillahi!” alisema Bi Mashavu, akampakata kuku wake mweupe mbele ya kamera. “Haya, waamkie wenzetu.”

“Asanteni nyote kwa kutuacha hai,” alisema kuku. Mioyo myekundu ikamiminika kwenye skrini.

Kisha kuku akamgeukia aliyempakata. “Nawe Bi Mashavu, asante kwa kunisikia. Siku ile unamkamata mama yangu kwa ajili ya wageni, nilikuomba umwache, ila sikuwa na kidani.”