Sauti ya Kwanza Nyuma ya Pazia

Nasriya binti Bakhit alisimama nyuma ya pazia la kijani, daftari la noti za muziki mkononi, akimwomba Mungu amsamehe kwa kuimba wimbo wa Wakristo na ampe pumzi ya kuumaliza.

Mbele ya pazia, katika klabu ya Waingereza wa kampuni ya mafuta, walijipanga wanakwaya thelathini, waimbaji watatu wa peke yao na okestra ya kuokoteza: Wagoa wa fidla, maaskari wa tarumbeta na daktari mmoja wa filimbi. Kazi yenyewe ilitungwa Ujerumani zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Ilimtukuza Mungu kwa Kilatini, saa nzima, bila ya kuchoka.

Mwimbaji wa nne, mke wa mhandisi, alikuwa kitandani na homa tangu Jumatatu. Maskati nzima hakupatikana mwengine aliyeijua sauti ya kwanza ila Nasriya, aliyefunzwa bwenini na masista wa Unguja. Alikubali kwa masharti mawili: awekewe pazia, na jina lake asiambiwe mtu.

Maana baba yake alikuwa bado hajatia saini karatasi ya kumruhusu kusomesha katika skuli mpya ya wasichana.

"Muziki tumeuacha Unguja," Mzee Bakhit alisema alipomsikia akiimba jikoni. "Nikikusikia tena, saini yangu huipati."

Siri aliijua Harub tu, mdogo wake, aliyemleta kwa gari. Naye alimsihi njia nzima.

"Dada, turudi. Naogopa."

"Unamwogopa baba?"

"Mara mbili."

Sasa saa kumi alasiri, mwongozaji amekwisha kuinua kijiti, mlango ukafunguliwa. Nasriya alichungulia kwenye mshono wa pazia. Kilemba kile alikijua. Joho lile alilipiga pasi mwenyewe asubuhi.

"Umeniuza," alimnong'oneza Harub aliyesimama kando yake.

"Wallahi sijamwambia kitu!"

"Basi kajaje? Mimi nimekufichia mangapi, Harub? Hata yule mbuzi uliyemfungia ofisini kwa mwalimu mkuu!"

Harub alitazama viatu vyake. Kwa Nasriya hilo lilikuwa jawabu tosha.

Mzee Bakhit alipita safu ya nyuma, hakukaa. Alipita viti vya wageni wa heshima, hakukaa. Alikuja moja kwa moja kwenye pazia. Nasriya alifunga daftari, akaiaga skuli, akayaaga madawati ambayo hajapata kuyaona. Harub alitoka mbele kama mtu anayekwenda kuchapwa.

"Alhamdulillahi, umewahi," baba alimwambia, huku akivua joho. "Nishikie hili, linanizuia mkono."

Akakaa baina ya Wagoa wawili, akapokea fidla waliyomwekea, akaipachika chini ya kidevu, kisha akamgeukia Harub kidogo.

"Na dada yako asijue."