Laptop Nyembamba

Umeme ulikatika wakati Rukonge, fundi wa vifaa vya hospitali, akiwa katikati ya kuingiza programu mpya kwenye inkubeta kwa laptop yake, na ndani mtoto njiti amelala. Alishamhakikishia nesi kwamba ni kazi ya kufumba na kufumbua, mtoto abaki humo humo. Inkubeta ilikuwa na betri yake. Laptop ya Rukonge, aliyoichagua kwa umbo kama mtu anayeposa kwa picha, ilikuwa inakata roho.

“Kaka, nyembamba hivyo kama chapati ya msibani,” Nesi Mwanaidi alimtania, “chaji inakaa wapi?”

Rukonge hakucheka. Laptop ikizimika kabla ya kumaliza, joto la inkubeta lingeweza kupanda bila kikomo. Alimgeukia Mwanaidi.

“Dada, mtoe mtoto.”

“Si ulisema haina shida?”

“Nilikosea. Mtoe.”

Mwanaidi aliacha utani. Alimtoa mtoto, akamlaza kifuani ndani ya gauni lake, akajifunga khanga juu yake. Laptop ikazimika. Inkubeta ikaanza kuvuma, tupu, ukungu ukitanda kwenye vioo vyake.

Hakuna aliyeitazama. Wote wawili waliikodolea macho ile khanga, wakingoja ipande kwa pumzi ya mtoto.