Pasipoti ya Siwema

Asubuhi ile Siwema alipigiwa simu kutoka kwao: mama yake amezidiwa, na kila akizinduka anauliza mwanawe yuko wapi. Siwema akafunga nguo zake, akaenda sebuleni kumwomba mwajiri wake, Bi Yunisi, pasipoti aliyomfungia kabatini.

"Soma mkataba," alisema Bi Yunisi, akimsogezea karatasi. "Kuhusu pasipoti umeandikwa 'keep'."

"Wakala aliyenitafutia kazi hii aliniambia maana yake ni kutunza, mama. Ndiyo maana nikatia sahihi."

"Ni kutunza, hakukudanganya. Lakini pia ni kubaki na kitu, na tena ni kumzuia mtu asiondoke. Kiingereza ndivyo kilivyo, neno moja lina kazi nyingi."

"Na hapa lina kazi gani?"

Bi Yunisi akaitazama saa ya ukutani. "Miaka miwili ya mkataba haijaisha, Siwema. Wageni wanafika saa saba na wali haujapikwa."

Tangu aingie nyumba ile, Siwema hakuwahi kukalia kiti cha sebuleni. Akavua aproni, akakigeuza kiti kimoja kuelekea mlangoni, akaketi. Bi Yunisi alimwita mara mbili, naye hakugeuka.