Komeo la Kigari

Kigari kipya kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki kiling'aa, bati lake lote limefuliwa kwa nyundo ya mkono. Nuriati alipoketi ndani, mumewe Masudi aliufunga mlango kwa komeo la nje, kama alivyomwagiza fundi.

"Sasa hutoki mpaka nikufungulie!"

Watazamaji wakacheka. Nuriati naye akacheka, afanyeje?

Fundi Kheri akainama kufuta vumbi mlangoni. "Kazi ya mkono hupapaswa, shemeji," akamnong'oneza. "Papasa kwa ndani."

Pikipiki ikaondoka kwa kishindo. Chini ya ukingo wa mlango, vidole vya Nuriati vikakuta komeo la pili, dogo, limepigwa msasa hadi likawa laini kama kokwa la ubuyu. Akalishika, hakulivuta.

Mbele kulikuwa na tuta la barabarani, na baada ya tuta, nyumba ya mama yake, alikokatazwa na mumewe kukanyaga. Masudi akaanza kupunguza mwendo.